Majina Waliyoyaruka Cherono Alipozaliwa

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunjiki. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule katika kibanda changu hapa Section 58, Nakuru, na mteja akiniuliza kuhusu vidole huwa namwambia ni ajali ya kazi. Ni uongo. Ni binti yangu Cherono alinidunga makasi mchana kweupe, akiwa na miaka kumi na miwili, nami nikiwa nimeshika sketi ya mtoto wa mtu.

Naandika haya kwa ajili ya kina mama ninaowaona kwenye benchi la kliniki, wameinamisha vichwa, mtoto yuko kando amefungwa leso mikononi. Najua wanachofikiria. Kila mmoja anadhani yeye ndiye wa kwanza duniani kumwogopa mtoto aliyemzaa. Dada, si wewe wa kwanza. Mambo ya ubongo sitayaeleza, hayo muulize daktari. Mimi nitakuambia tulichokosea nyumbani kwetu, maana tulikosea vibaya, na nusura mtoto atuue sisi au ajiue mwenyewe.

Ilianza kwa kulala. Cherono alikuwa mtoto wa kelele, wa kuruka kamba na kubishana na kila mtu, kisha mvua za Aprili zikaja, shule zikafungwa, naye akalala na uso ukutani. Haogi. Hali. Nywele ambazo zamani alinisumbua nizisuke kila Jumapili zikashikana hadi nikazikata. Nilipomvuta blanketi siku moja aliniambia taratibu, "Mathe, niache tu. Nimechoka kuwa mtu." Nilimpiga kwa mwiko. Sijivunii, lakini nikificha hilo sina haja ya kuandika mengine. Kwetu tumelelewa hivyo, uvivu unatolewa kwa mwiko, na mimi mwenyewe si mtu wa kupoa.

Mume wangu Kosgey ni dereva wa lori. Anabeba viazi kutoka Kuresoi, kwao, na kutoka Mau Narok, anapeleka Nairobi, na nyumbani anaonekana siku mbili kwa wiki. Alisimama mlangoni mwa chumba cha Cherono akamtazama muda mrefu bila kuingia. Kisha akasema anaenda kuangalia tairi.

Wiki ya tano tulimpeleka kliniki. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, televisheni ikiwa imewashwa bila sauti, na mwanamume mmoja mkabala nasi akijikuna shingo mpaka ikatoka damu. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Aliongea na Cherono kwanza, kisha akatugeukia.

"Kwa familia, upande wa mama ama wa baba, kuna mtu amewahi kuugua akili? Mtu alijiua? Ama mtu wa moto sana halafu anapotea kitandani wiki nzima?"

"Hakuna," Kosgey akasema haraka. "Sisi ni watu wa shamba, daktari. Tuko sawa."

Daktari akanitazama mimi. Babu yangu alitoka Kakamega kuja kufanya kazi ya reli, na ukoo wetu wote naujua mpaka wajukuu. "Kwetu tuna midomo," nikamwambia. "Lakini wagonjwa hatuna."

Akaandika. Akatupa vidonge vya huzuni, akaeleza vizuri jinsi ya kumpa na dalili za kuangalia. Nataka niseme hapa wazi ili mtu asije akatupa dawa za mtoto wake kwa sababu yangu: dawa ile haikuwa mbaya, imewainua watoto wengi. Tatizo ni kwamba sisi tulimpa daktari nusu ya habari, naye akamtibu mtoto wa nusu ile.

Wiki ya tatu ya vidonge Cherono aliamka. Nilichinja kuku. Aliosha vyombo vyote, akavirudia, akavirudia tena. Aliimba. Aliongea mpaka povu likamkauka kwenye pembe za mdomo. Alisema atanunua mashamba yote ya ngano ya Mau Narok ajenge shule ambayo mwalimu akichapa mtoto anachapwa naye. Tulicheka. Hakulala siku ya kwanza, wala ya pili, na ya tatu akavunja kioo cha kabati kwa kichwa kwa sababu msichana aliyekuwa ndani alimwangalia vibaya. Baada ya hapo sikumbuki mpangilio mzuri. Nakumbuka alivunja vioo vya dirisha kimoja kimoja kwa ngumi, akihesabu. Nakumbuka alimmwagia ndugu yake Kelvin, wa miaka sita, uji wa moto mgongoni, na mtoto akikimbia uwanjani ngozi ikining'inia. Nakumbuka nilimuuma mwanangu bega kwa meno yangu ili aachilie nywele zangu. Jirani yangu alimkimbiza Kelvin hospitali, kisha akakaa naye kwake wiki mbili na hakuomba hata sabuni ya kumfulia. Mungu ambariki.

Nilimpigia Kosgey simu. Akasema yuko barabarani.

Siku ya makasi ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali. Cherono aliingia kibandani bila viatu, amevaa nguo tatu moja juu ya nyingine. "Mathe, unashona mbaya," akasema. "Toka nishone."

Mtu mwenye akili angetoka. Mimi nilimzaba kofi. Alichukua yale makasi makubwa ya kukatia kitambaa cha sare, akayashusha kwa mikono miwili, yakapita kwenye mkono wangu na kuingia kwenye mbao za meza. Sikusikia uchungu. Nilisikia mlio, kama kuku anapovunjwa paja. Akayang'oa, akayainua tena, na safari hii alikuwa anaangalia shingo yangu. Macho yalikuwa yake kabisa. Watu hupenda kusema mgonjwa anakuwa mtu mwingine, labda kwao ni hivyo, lakini mimi niliona ni Cherono wangu anataka kuniua.

Vijana wawili wa kinyozi cha jirani walimrukia. Mmoja alitoka hapo bila jino. Walimlaza chini na kumkalia, na kufumba na kufumbua watu walikuwa wamejaa, wengine na mawe mkononi, wakiuliza kama ni mwizi. Nilimlalia mtoto juu. Damu yangu ilikuwa inamwingia machoni, naye ananipiga magoti tumboni, na mimi nawapigia watu kelele, "Ni wangu. Msimguse, ni wangu." Mzee mmoja muuza viatu ndiye aliyefungua mkanda wake wa suruali akawatawanya. Bado nikipita kwake namsalimia kwa heshima zote.

Tulilazwa siku ile ile, yeye wodi yake na mimi yangu. Walinishona mishipa. Yeye walimlaza kwa sindano, wakasimamisha vile vidonge, wakampima malaria, wakampima dawa za kulevya, wakatafuta kila kitu. Wakatuuliza tena lile swali la familia. Kosgey akajibu tena, hakuna. Alijibu akiangalia sakafu, na mimi nilidhani ni aibu ya kawaida ya mzazi.

Alipotoka wodini Cherono alikuwa mzito kwa dawa za kumtuliza, mate yanamtoka, lakini siku nyingine moto ulikuwa unapenya na anarusha kiti. Wazee watatu wakaja kutoka Kuresoi, na mama mkwe wangu, ambaye nyumbani tunamwita Gogo, akaja nao. Walikaa sebuleni. Nilitayarisha chai kwa mkono mmoja.

"Mama Cherono, hatuji kukulaumu," yule mkubwa wao akaanza. "Lakini hii kitu haikutoka kwetu."

"Imetoka wapi, kwa duka?"

"Unaona? Hiyo mdomo ndio shida. Mtoto amenyonya hiyo."

Wakasema damu yangu ndiyo mbaya. Wakasema watu wa reli wamechanganyika ovyo na hakuna anayejua amebeba nini. Kisha wakasema kuna mahali pa maombi huko juu milimani, wanawashikilia wagonjwa mpaka wapoe, na Ijumaa Kosgey atampeleka kwa lori lake. Mahali hapo nilipajua. Kaka wa mteja wangu alirudi kutoka huko na vidonda vya mnyororo kwenye vifundo vya miguu, vimeoza mpaka mfupa unaonekana. Nilimgeukia mume wangu aseme neno. Alikuwa anaangalia kikombe. Nawaambia ukweli, mchana ule nilimchukia kuliko nilivyouchukia ugonjwa.

Wazee wakaenda, Gogo akabaki ili asaidie kazi mpaka Ijumaa. Alhamisi mchana tulikuwa jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nimekaa. Gogo si mtu wa maneno. Miaka kumi na minne niliyokaa na mwanawe hatukuwa tumepatana wala kugombana. Akaanza bila kunitazama.

"Wewe ulikuwa kitandani siku ile tuliita mtoto jina. Uliskia?"

Nilisikia. Cherono ni jina la saa aliyozaliwa, jioni mbuzi wakirudi nyumbani. Lakini Wakipsigis, watu wa mume wangu, wana jina jingine, la marehemu. Kina mama wanakaa na mtoto mchanga, wanamwekea ugoro kidogo puani, halafu wanaita majina ya waliokufa wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atapigia chafya, ndilo lake, huyo ndiye amerudi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na uchungu wa kujifungua bado haujaniisha, nasikiliza majina nisiyoyajua yakiitwa kama mwalimu anavyosoma rejista.

"Nilisikia," nikasema.

"Kuna majina tuliruka."

"Mliyaruka kwa nini?"

"Ukiita, anarudi. Hao hatukutaka warudi. Kila mtoto akizaliwa tunaruka hao hao."

Niliuliza ni wangapi. Akatoa mkono kwenye maji, akakunja vidole vitatu. Wa kwanza, shangazi wa marehemu mume wake, alikaa siku nyingi bila kulala kisha akachoma ghala la mahindi akicheka, na mtu akafia ndani. Wa pili, kaka wa mume wake, alifungwa kwenye nguzo ya zizi la ng'ombe miaka minne na akafia pale pale. Wa tatu alikuwa binti wa yule shangazi. Alikuwa na umri wa Cherono alipojitupa mtoni.

Nilikuwa na sufuria ya maji kwenye mkono wangu mzima. Niliirusha ukutani.

"Mmejua miaka yote hii."

"Nimejua."

"Na juzi ukakaa hapo wakitukana damu yangu."

"Mimi pia nimeolewa hapa," Gogo akasema, akainama kuokota sufuria.

Ndivyo tulivyokosea. Jamii nzima ilikuwa na orodha kamili ya wagonjwa wake, imehifadhiwa vizuri kuliko faili ya hospitali, na kila mtoto akizaliwa wanawake walikuwa wanaipitia kichwani wajue nani wa kuruka. Ilipofika siku ya kuulizwa na daktari, hakuna aliyefungua mdomo. Na wewe unayesoma, usicheke. Kwenu pia kuna mjomba ambaye picha yake haiko ukutani.

Ijumaa lori lilipofika, lilikuta mlango umefungwa. Nilikuwa benchini na Cherono na Gogo tangu saa kumi na mbili na nusu. Mwanamke anayesafisha pale alituletea uji wa wafanyakazi kwenye kikombe kimoja, tukapokezana. Cherono alimwaga wake mwingi kifuani kwa kutetemeka, na yule mama akampangusa kwa aproni yake bila kusema chochote.

Daktari alipoelewa kilichotuleta alitoa karatasi, akachora miraba na miduara. Mraba ni mwanamume, mduara ni mwanamke, mistari inaonyesha nani alizaliwa na nani. Kisha akamwomba Gogo majina. Gogo akatikisa kichwa. Nikajua shida ni nini, nikamweleza daktari kwamba hawaitwi.

"Basi tusiwaite," daktari akasema. "Nionyeshe tu kwa kidole."

Gogo akaweka kidole kwenye mduara. Daktari akaupaka wino mweusi. Akahamia kwenye mraba, ukapakwa, kisha mduara mwingine. Hakuna jina lililotajwa. Nilimsikia Gogo akipumua kama mtu aliyetua gunia.

Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huu, wa moto kisha kulala, hutembea kwenye ukoo, lakini anayerithi harithi hukumu. Wengine wanabeba mbegu na haiamki maisha yao yote, wengine inaamka utotoni, na hakuna mtu anayeweza kulaumiwa kwa damu aliyopewa. Alisema vidonge vya huzuni peke yake huweza kuuwasha moto kwa mwenye damu hiyo, na kama angejua mwanzoni angeanza na dawa nyingine. Hakusema kwa kutulaumu, na hiyo iliniuma zaidi. Akabadilisha dawa, akatupa lithiamu, ya kuzuia moto usiwake tena, na tarehe za kupima damu.

Kosgey aliponiuliza jioni nilikuwa wapi, nilimwambia akimgusa mtoto nitamshona mdomo kwa uzi wa begi. Hakumgusa.

Usidhani mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza alinitemea vidonge usoni. Ya pili alinivunja ubavu kwa kunibamiza kwenye sinki. Kila wiki walimchukua damu mpaka mikono ikawa na alama za bluu. Alikuwa na kiu ya kunywa jagi zima, mikono ikamtetemeka asiweze kuandika, uso ukavimba, chunusi zikajaa. Nilimfumulia sketi kiunoni mara mbili kabla vuli haijaisha, mara ya tatu nikashona mpya. Lakini alianza kulala. Siku moja mwezi wa Desemba, Kelvin, ambaye mgongo wake ulikuwa bado na ngozi ya waridi, alimwomba amfunge kamba za viatu, naye akamfunga. Niliingia chooni nikalia.

Moto ulipozimika, aibu ikaja, na hiyo hakuna aliyenionya. Cherono hakutaka kula nasi. Akiona mkono wangu anatoka chumbani. Muhula wa kwanza ulifunguliwa akakataa kwenda. "Mimi ndio mbaya kwa hii familia," aliniambia. "Wengine wote mko sawa. Mngeniacha tu niende na lori." Akaanza tena kulala akiangalia ukuta, na siku moja nilikuta kamba ya kuanikia nguo chini ya godoro lake. Nilimwambia daktari siku hiyo hiyo. Wewe pia ukiona kitu kama hicho, usingoje tarehe ya kliniki.

Daktari akatuita wote, akasema anataka kuzungumza pia kuhusu Kelvin, dalili gani tuangalie akikua. Nilimwambia Kosgey asipokuja asirudi nyumbani. Alikuja. Gogo naye alitoka Kuresoi, tukakaa wanne mbele ya daktari katika kile chumba kidogo, Cherono pembeni kabisa, kofia imefunika macho. Daktari akaitandaza ile karatasi mezani ili Cherono aone kwamba hakuwa peke yake. Cherono aliitazama.

"Hao wote ni wafu," akasema. "Aliyebaki ni mimi pekee."

Ndipo Kosgey alipoinuka. Alichukua kalamu mbele ya daktari, akainamia karatasi, akatafuta mraba wake mwenyewe, ule ulio kati ya Gogo na Cherono, akaupaka wino. Aliupaka polepole mpaka karatasi ikachanika kidogo.

Nilitaka kumpiga na kiti. Nasema ukweli. Miaka yote hiyo, maswali mawili ya daktari, matusi ya wazee wake sebuleni kwangu. Lakini Cherono alikuwa ameinua kofia, na alikuwa anamtazama baba yake kama hajawahi kumwona, kwa hiyo nilikaa.

"Ulikuwa na miaka ngapi?" akamuuliza.

"Kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule. Ilinishika miezi sita, ikaenda. Ikarudi mara moja, kabla nioe."

"Ulipiga mtu?"

Kosgey akaweka kalamu mezani.

"Nilikata mama na jembe," akasema.

Cherono akageuka kumtazama Gogo, ambaye alikuwa amekunja mikono mapajani, anaangalia dirishani.

"Gogo. Na ukamfanya nini?"

Gogo alifikiri, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo dogo la zamani.

"Alikuwa hajakula siku mbili," akasema. "Nilifunga kichwa changu na leso, nikampikia ugali."